Hodi ya Uani

Tuulizane kwanza, maana bila swali safari hii haisongi. Mtu katoka kwake kwa mlango wa mbele, akaenda mbele, akaenda mbele tu, hakugeuka hata mara moja, mpaka dunia ikamwishia chini ya nyayo na nyumba yake ikatokeza tena mbele ya macho yake. Mtu huyo karudi au kafika? Msijibu haraka. Vuai alijibu haraka, siku ya kuondoka, kwa sababu alijiona kijana na viatu vyake vilikuwa vipya. Alisema kurudi na kufika ni mamoja. Mkewe, Mize, akachota maji mtungini, akampa kata kwa mikono miwili, naye akanywa amesimama, mguu mmoja umeshafika kizingitini.

"Nenda," Mize alisema. "Lakini tukubaliane. Safari inabadilisha watu. Sura itabadilika, sauti itabadilika, na huko uendako wako watakaotamani kuwa wewe. Mimi nitakujuaje?"

"Utanijua tu. Mtu hamjui mumewe?"

"Aliyepo unamjua, Vuai. Asiyekuwapo unamkumbuka tu."

"Sasa wataka alama? Nikatwe sikio?"

"Sikio lako nilifanyie nini? Nisikilize. Umetokea mbele, dunia ni duara, utafikia nyuma, uani. Mlango wa uani sitaufunga. Ila usigeuke njiani. Ukigeuka utarudia huu wa mbele, na huu naufunga leo. Sasa, mgeni akifika anapiga hodi. Mwenye nyumba haombi ruhusa ya kuingia kwake. Wewe ukifika ingia tu. Atakayeingia bila hodi ndiye mume wangu, hata awe na sura ya nani. Atakayepiga hodi ni mgeni, hata awe na sura yako."

Vuai alicheka. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akashuka barazani. Nyuma yake alisikia komeo likiingia mahali pake.

Dunia aliyoizunguka haina majina, na mimi sitaipa, kwa kuwa kila alipouliza jina la mahali aliambiwa, "Hapa." Alivuka maji ndani ya tumbo la meli ya makontena, akilala kati ya masanduku ya chuma yaliyokuwa yakigongana na kunung'unika kwa lugha yao. Alipita mji wa majengo marefu ambao wakazi wake hushinda ndani ya lifti, wakipanda na kushuka, wakipeana pole ya safari, na hakuna aliyewahi kutoka. Alipita nchi ya barafu ambako maneno hutoka mdomoni yakiwa moshi, na watu husubiri moshi utawanyike ndipo wajue wameambiwa nini. Alikaa katika kiwanja cha ndege ambako upande huu wa kioo ni jana na upande ule ni kesho, na leo ilikuwa ikifagiwa na mwanamke mmoja mwenye ufagio mpana ambaye hakuna aliyemsemesha. Ndevu zilimwota, akazinyoa, zikamwota nyeupe, akazinyoa, zikaota nyeusi tena. Humo mote alikwenda mbele. Shingo yake ilisahau kazi ya kugeuka.

Lakini kila alipofika palikuwa na mlango, na mbele ya mlango wa watu hodi haikwepeki. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mfua bati. Vuai alisimama pembeni kidogo, kama alivyolelewa, asichungulie ndani, akapiga hodi.

"Karibu!" ilijibu sauti ya ndani. Mfua bati akatokeza kichwa. "Ala! Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, bwana. Ndiyo kwanza nafika."

"Unafika nini na wewe umetoka sasa hivi? Chai yako hii hapa, hata hujaimaliza. Ingia, bwana we, usione haya, hapa ni kwako."

Kikombe kilikuwa kikifuka moshi. Kando yake palikuwa na kipande cha mkate kilichoumwa upande wa kushoto, na Vuai hula upande wa kushoto tangu jino lake la kulia lilipoharibika. Alikaa. Alimaliza chai ya mtu huyo, kwa kuwa alikuwa na njaa na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mlango wa pili waliuliza vilevile. Wa kumi vilevile. Umesahau nini? Walimuuliza kwa wema, kwa kicheko, wengine kwa kuchoka kidogo, na kila mmoja alimwonyesha kitu ambacho bado kilikuwa na joto: kiti, kikombe, sabuni yenye povu. Mtu fulani alikuwa akitangulia mbele yake, akila kwa jino lake, na hakuacha mlango hata mmoja ambao Vuai angeufikia wa kwanza. Alimchukia mtu huyo. Alimchukia kama unavyomchukia jirani anayekohoa ukutani kila ukitaka kulala, halafu siku asipokohoa unashindwa kulala kabisa.

Na jambo jingine, ambalo hakulitia maanani wakati ule. Kila alipoaga nyumba na kushika njia, alisikia kwa mbali nyuma yake sauti ikipiga hodi, na wenyeji wakicheka. Alidhani ni mwangwi. Hakuweza kugeuka ahakikishe, na kwa kuwa hakuweza, alijiambia hakutaka.

Hebu lifikirie neno hili, hodi. Neno dogo, halina uzito ulimini. Ukilisema unakiri mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba upo, na kwamba hapa si pako. Ukilisema siku moja si kitu. Ukilisema kila siku ya Mungu, mbele ya ubao, mbele ya pazia, mbele ya ngozi iliyotundikwa, lile jambo la pili linakuingia mifupani, na la kwanza linaanza kutikisika. Vuai akawa anapiga hodi hata pasipo mlango. Alipiga hodi mbele ya mto kabla ya kuoga. Alipiga hodi kabla ya kulala kitandani. Siku moja alijiona katika kioo cha kinyozi, akapiga hodi, na kinyozi akaitikia, "Karibu," bila kutabasamu. Vuai alitoka pale nusu ya kidevu ikiwa na sabuni.

Mwisho wa reli, pale ambapo vyuma vinazama mchangani na hakuna aliyejisumbua kueleza kwa nini, palikuwa na nyumba ya wageni ya Bi Sikitu, mwanamke mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Vuai alifika mchana, jua liko utosini.

"Hodi."

"Karibu! Ah, wewe tena. Umesahau nini?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenipa shikamoo asubuhi, wanipa tena mchana, utanizeesha bure."

"Aliyekupa asubuhi si mimi."

"Kama si wewe, basi kaazima uso wako na hajaurudisha. Kaa, hapa ni kwako. Shuka zako hata sijazitoa."

Vuai aliweka kiganja kitandani. Shuka zilikuwa na joto. Katikati ya godoro palibaki bonde la mtu aliyelala ubavu, magoti kayakunja, mkono chini ya shavu, na hivyo ndivyo alivyolala yeye tangu utotoni. Aliogopa. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye hakulisema: aliogopa hata akakaa sakafuni badala ya kukaa kitandani.

"Alisema anakwenda wapi?"

"Kwa mkewe. Mize, si ndilo jina lake? Umenichosha na huyo Mize wako, na mlango wa uani, na mlango wa uani. Ukasema kumebaki kidogo tu ufike."

Hapo Vuai akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimjia kama maji baridi mgongoni. Mpaka siku ile alimwona mtu wa mbele kuwa kero tu, mnywaji wa chai yake. Sasa aliona dunia inakopeleka mambo. Mtu huyo atafika uani kwanza. Ataingia kimya. Mize ataacha kazi yake na kumwita mume wangu, na Vuai atakapofika atakuta nyumba imejaa yeye. Atakuwa mgeni mwenye sura ya mwenye nyumba, na hakuna kiumbe anayeogopwa zaidi ya huyo.

"Bibi, nifundishe kuingia," alisema.

"Kuingia wapi?"

"Ndani. Bila kupiga hodi. Nimejaribu, nashindwa."

Bi Sikitu alicheka hata akashika mwimo wa mlango. "Watu wazima hawa! Haya, toka nje. Hii nyumba ifanye yako. Ingia nikuone."

Vuai alitoka, akavuta pumzi, akaja mbio kidogo. "Hodi," alisema.

"Toka!"

Akatoka. Akaja taratibu, akifikiria mambo mengine, bei ya mchele, mvua. "Hodi."

"Toka, we!"

Alikuja kinyumenyume. Alikuja amefumba macho. Alikuja akiimba, na katikati ya wimbo neno lile likapata nafasi likaingia. Mwishowe Bi Sikitu aliacha kucheka. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa mwenzio mwenye homa.

"Maskini mwanangu," alisema. "Kakuharibu nani? Basi, jaza maji mdomoni. Mwenye maji mdomoni hasemi."

Vuai akajaza maji, mashavu yakatuna, akatembea. Alivuka kizingiti. Kimya. Bi Sikitu akapiga kigelegele peke yake katika nyumba ile tupu, na Vuai akayameza yale maji kwa furaha, machozi yakimlenga.

"Na yule wa asubuhi," aliuliza alipokuwa akifunga kiriba chake, "naye ulimfundisha?"

"Yupi? Wewe? Wewe ulitaka kokwa ya tende uibane kwa meno."

Aliondoka palepale. Hakungoja hata chakula. Alipofika pale vyuma vinapozama mchangani alisikia nyuma yake, kwa mbali, sauti ikisema hodi, na Bi Sikitu akijibu, "Ah, wewe tena. Umesahau nini?" Vuai akazidisha mwendo, akijisemea moyoni.

Sitasema.

Nikiuona ukuta, sitasema. Nikiuona mlango uko wazi nusu, sitasema. Nikisikia harufu ya moshi wa vifuu, harufu ya kwangu, nitatembea kama anayetembea. Mtu anatembeaje kwake? Mikono anaiweka wapi? Nakumbuka nilikuwa naingia nikitazama chini. Au nikitazama juu. Nilikuwa nasema nini? Sikuwa nasema kitu. Nilikuwa nasema, "Mize, maji." Nilikuwa na uhakika gani mimi, Mungu wangu, wa kuingia mahali nikasema maji.

Labda keshafika. Labda amekaa. Labda amevua viatu.

Nikimkuta nitamwambia, toka. Akiuliza, wewe nani? Nitamwambia mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako. Huo ndio utambulisho nilio nao.

Sitasema.

Alifika alasiri. Ukuta wa uani ulikuwa mfupi kuliko alivyoukumbuka, au yeye alikuwa mrefu zaidi. Mlango ulikuwa wazi nusu, kama ilivyoahidiwa. Alitega sikio. Hakuna sauti ya mwanamume ndani, hakuna kikohozi, hakuna viatu kizingitini. Moyo ulimruka kwa furaha isiyo na aibu: hakufika! Yule mwenziwe kapotea, kafa, kageuka nyuma, shauri lake. Vuai akatoa kiriba, akajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakamuuma, akausukuma mlango kwa bega. Aliingiza mguu. Aliingiza wa pili. Alikuwa uani kwake, kimya, kama mwenye nyumba.

Na mbele yake, juu ya mkeka, alikaa mwanamke aliyempa mgongo. Kanga ilikuwa imemwangukia kiunoni, mabega wazi, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa zote, nyeupe pe, naye alikuwa akizichana taratibu kwa chanuo cha mti. Shingo yake ilikuwa na mikunjo. Kiwiko kilikuwa kimekauka. Alikuwa mama wa watu, mke wa watu, mtu mzima aliyejikalia katika siri ya uani wake.

Vuai alikuwa amefikiri juu ya kila kitu. Alifikiri uso wake mwenyewe umebadilikaje, sauti yake imebadilikaje, Mize atamjua au hatamjua. Dunia nzima aliizunguka akiogopa kutojulikana. Hata siku moja hakuwaza kwamba Mize naye alikuwa akisafiri, hapohapo alipokaa. Mize aliyekuwa naye kichwani alikuwa na nywele nyeusi na shingo ya msichana. Sasa alimwona bibi wa watu kichwa wazi na yeye, mwanamume wa kupita, kasimama juu yake akimtazama. Haya ilimpanda kabla ya fikra. Haya hiyo alifundishwa kabla hajajua kufunga vifungo: ukimkuta mwanamke wa watu hajajifunika, geuza macho, toa sauti, mpe nafasi ajisitiri. Aligeuza macho. Maji yakamwagika kifuani.

"Hodi," alisema.

Chanuo kikasimama katikati ya nywele. Mabega ya mwanamke yakashuka kidogo tu. Kisha akaivuta kanga, akaitupa kwanza bega la kushoto, halafu kichwani, halafu akauchomeka upindo chini ya kidevu, na kabla hajageuka Vuai akamjua. Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyeanza na bega la kushoto. Alijua pale, na kujua hakukusaidia chochote.

"Karibu, mgeni," alisema Mize. "Karibu, hapa ni kwako."

Maneno hayo aliyasikia katika kila nyumba ya dunia. Ni maneno mazuri, na watu huyasema kwa moyo. Lakini tazama vizuri, utaona kuna mtu mmoja tu katika nyumba ambaye hajawahi kuambiwa hivyo tangu aingie humo.

"Mize," alisema. "Mize, ni mimi."

"Najua ni wewe. Wote mmekuwa wewe." Hakusema kwa hasira. Alimtazama kifua kilicholowa. "Wewe umekuja na maji. Aliyekutangulia alikuja na kokwa ya tende, ikamponyoka hapo hapo ulipo. Kuna aliyejifunga mdomo kwa kitambaa, akapiga hodi kwa kugonga mlango. Kwa nini mnapiga hodi? Nakaa kichwa wazi, mchana kweupe, kwa ajili ya mume wangu. Na nyote mnageuza macho."

"Sikukujua. Nywele zako..."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshaingia, Mize! Miguu yote miwili ilikuwa ndani!"

"Niliisikia. Niliisikia, nikasema moyoni, leo." Akaurudisha upindo chini ya kidevu. "Halafu ukapiga hodi."

"Basi nitatoka, niingie tena bila kusema kitu."

"Ukitoka ukaingia bila hodi utakuwa mgeni asiye na adabu, basi. Vuai, nikimkubali mmoja aliyepiga hodi, niliwakatalia nini wengine? Wamelia hapa. Mmoja alinishika miguu. Wote walikuwa na lile jino bovu."

Mize akamtangulia, akampitisha ndani ya nyumba kama mgeni anavyopitishwa, akimwambia angalia kizingiti hapo, na Vuai aliinua mguu juu ya kizingiti alichokichonga yeye. Alikiona kitanda. Alikiona kigingi chenye kofia yake. Hakukigusa. Barazani Mize alifungua komeo, akachota maji mtungini, akampa kata kwa mikono miwili.

Vuai aliyatazama yale maji. Kwa mikono miwili hupewa mgeni. Mume hupewa kwa mmoja, huku mwingine ukiwa na kazi zake. Na siku ile ya kwanza, siku ya viatu vipya, alipewa kwa mingapi? Alijaribu kukumbuka siku iliyotangulia siku ile, jioni moja ya kukaa na Mize, mlo mmoja, ugomvi mmoja mdogo wa chumvi. Alipekua. Kabla ya maji yale palikuwa na uani, na kabla ya uani palikuwa na njia. Alikunywa amesimama. Chini ya baraza paliwekwa jozi ya viatu vipya vya kipimo chake.

"Nenda," Mize alisema. "Mlango wa uani sitaufunga."

Komeo likaingia mahali pake. Vuai alikaa kwenye ngazi kuvaa viatu, mgongo kaupa mlango. Alimsikia Mize akivuka nyumba, nyayo zake nyepesi, akakaa mkekani. Kisha sauti ya chanuo ikaanza tena katika nywele, taratibu. Alikuwa amejifunua kichwa. Baada ya yote hayo, alikuwa amejifunua kichwa.

Na hapo akazisikia nyayo za mwanamume, kule nyuma, zikija kando ya ukuta wa uani. Hazikuwa mwangwi. Zilikuwa zimechoka, zinavuta mchanga, zikasimama mlangoni. Vuai aliyejua kuchukia mtu wa mbele hakuwahi kumfikiria mtu wa nyuma. Sasa alimfikiria kwa nguvu zake zote, mikono imeganda kwenye kamba za viatu. Ingia, ndugu yangu. Ni yeye. Nywele ni zake, zimekuwa nyeupe, shingo ni yake. Mtazame. Usigeuze macho, ndugu yangu, mtazame, mtazame mpaka umjue. Kunywa chai yangu, lala katika bonde langu, vaa kofia, ni yako. Ingia tu.

Mlango wa uani ulilia. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Chanuo hakikusimama, kiliendelea. Kimya kilirefuka. Kilirefuka mpaka Vuai akaanza kutabasamu, kichwa chini, peke yake kwenye ngazi.

"Hodi," ilisema sauti.

Chanuo kikasimama.

"Karibu, mgeni," Mize alisema. "Karibu, hapa ni kwako."

Vuai alimaliza kufunga kamba za viatu, akasimama, akashika njia.